MOTOKAA YAKO: Pampu ya Petroli Ikichoka

Juma hili nitaeleza habari ya kifaa kidogo ambacho wenye motokaa za zamani hukisahau mpaka siku kinapowaacha njiani, nacho ni pampu ya petroli. Nitaanza kwa kisa cha jirani yangu, ambaye ameniruhusu nikieleze, mradi nisitaje jina lake.

Jirani huyu ni mwalimu aliyestaafu. Ana ng'ombe wanne wa maziwa na pikapu ya Peugeot 504 ambayo kila alfajiri huchukua makopo ya maziwa mpaka kituo cha kupozea. Siku moja ya kiangazi alishuka bondeni kununua majani makavu ya ng'ombe. Alipokuwa akirudi, akiupanda mteremko wa Mai Mahiu na mzigo wake, injini ilianza kukohoa, ikapungua nguvu, ikazimika karibu na lile kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa vita wa Kitaliano mwaka 1942. Akangoja nusu saa. Injini ikawaka, ikaenda mwendo mfupi, ikazimika tena. Alifika nyumbani usiku, na ng'ombe walikamuliwa wamechelewa.

Kesho yake mtu mmoja akamwambia, "Mwalimu, hizo ni plagi." Akanunua plagi mpya. Mwingine akasema ni kabureta. Ikafunguliwa, ikasafishwa, ikarudishwa. Pikapu ikaendelea kuzimika kila ilipopanda mlima. Mwisho akapata fundi mzee aliyechukua muda wa kupima kabla ya kusema, naye akamwonyesha kwamba pampu ya petroli imechoka. Mwalimu akanunua pampu mpya, akaifunga kwa mikono yake Jumamosi moja, na pikapu ikapanda milima kama zamani. Akafurahi sana.

Siku ya tano injini ikaanza kugonga. Tulipokichomoa kijiti cha kupimia oili tukaona oili imepita alama ya juu, nayo ni nyepesi kama chai isiyo na maziwa, na inanuka petroli. Pampu ya zamani ilikuwa imepasuka kwa ndani, na kwa majuma mengi ilikuwa ikidondosha petroli ndani ya injini. Haba na haba hujaza kibaba. Beringi za krenkshafti zilikuwa zimekwisha. Ili kulipia matengenezo ya injini, mwalimu aliuza mtamba mwenye mimba.

Aliniambia hivi: "Ndugu, waandikie watu. Mimi nimelipa ada ya somo hili kwa mtamba. Wengine walisome bure." Basi ndiyo sababu ya makala hii.

Kazi ya pampu

Motokaa nyingi za siku hizi zina pampu ya umeme ambayo hukaa ndani ya tangi. Habari hii haizihusu hizo. Tunazungumza juu ya motokaa za kabureta, kama vile Peugeot 404 na 504, Volkswagen ya mgongo wa kobe, na Land Rover nyingi za zamani. Hizo ni motokaa zilizosifiwa katika barabara zetu. Peugeot 404 ilishinda mashindano ya Safari mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, na 504 ikashinda mwaka 1975 na 1978. Lakini hata farasi mshindi huzeeka, na mpira ulio ndani ya pampu huzeeka kabla ya chuma.

Tangi la petroli la 504 liko nyuma, tena liko chini kuliko kabureta. Petroli haiwezi kupanda yenyewe, hivyo yapasa ivutwe. Pampu imefungwa ubavuni mwa injini, na mkono wake wa chuma umeingia ndani, ukagusa mti uitwao kamshafti. Juu ya kamshafti pana sehemu iliyotokeza upande mmoja. Kila mti unapozunguka mara moja, sehemu hiyo huusukuma mkono wa pampu. Mkono nao hukivuta kiwambo cha mpira kilichowambwa ndani ya pampu kama ngozi ya ngoma. Kiwambo kikivutwa chini, petroli huingia kwa valvu moja. Mkono ukilegea, springi hukisukuma kiwambo juu, na petroli hutoka kwa valvu ya pili kwenda kwenye kabureta. Kabureta ikijaa hujifunga, na pampu hungoja mpaka itakapohitajiwa tena.

Basi twaona kwamba nguvu ya pampu hii hutoka katika springi, wala si nyingi: ni kama ratli 3 au 4 kwa kila inchi mraba. Kwa sababu hiyo usikubali kufungiwa pampu ya umeme iliyotolewa katika motokaa ya sindano za petroli. Pampu hizo nyingi husukuma kwa ratli 40 au zaidi. Kabureta haiwezi kuzuia nguvu hiyo, na petroli itafurika juu ya injini yenye moto.

Dalili za pampu iliyochoka

Pampu haifi bila kutoa habari. Dalili ya kwanza ni kwamba motokaa iliyolala usiku kucha huchukua muda mrefu kuwaka asubuhi, kwa kuwa valvu hazifungi sawasawa na petroli imerudi nyuma kuelekea tangi. Dalili ya pili ni kwamba injini hunguruma vizuri motokaa ikiwa imesimama, lakini hukosa nguvu mlimani au katika mwendo wa kasi, wakati petroli nyingi inapohitajiwa. Ya tatu ni harufu ya petroli, au unyevu chini ya pampu, hasa katika tundu dogo ambalo pampu nyingine zinalo ubavuni. Ya nne, nayo ndiyo mbaya kuliko zote, ni oili kuongezeka ndani ya injini bila wewe kuiongeza. Mwenye motokaa akiona oili yake imezidi hudhani amebarikiwa, kumbe amepata hasara.

Pana jambo jingine ambalo hufanana na pampu mbovu. Katika joto, petroli huweza kuchemka ndani ya bomba na kugeuka mvuke, na pampu hushindwa kuusukuma mvuke huo. Huku kwetu nyanda za juu, penye zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, hewa ni nyepesi na petroli huchemka mapema zaidi kuliko Mombasa. Ukikwama hivyo mlimani, zima injini, fungua boneti, na uiweke juu ya pampu na bomba lake nguo iliyoloweshwa kwa maji. Ikiwaka baada ya kupoa, umejua sababu. Lakini fahamu kwamba pampu yenye afya haishindwi kwa urahisi hivyo. Pampu iliyochoka ndiyo hushindwa na mvuke kidogo.

Pima kwanza, kisha nunua

Mwalimu alinunua plagi ambazo hakuzihitaji. Wewe usinunue hata pampu kabla ya kupima. Fuata utaratibu huu, kuanzia kwa kisicho na gharama.

Kwanza, hakikisha kwamba petroli imo ndani ya tangi. Usicheke, maana geji za motokaa za zamani husema uongo.

Pili, fungua kifuniko cha tangi mara tu injini inapozimika. Ukisikia hewa ikivutwa kwa nguvu kuingia ndani, tundu la hewa la kifuniko limeziba, na pampu ilikuwa ikivuta bila kupata. Kifuniko kikisafishwa, kazi imekwisha.

Tatu, tazama chujio la petroli na mipira yote tangu tangi mpaka pampu. Mpira uliopasuka upande huu hautavuja sana, bali utavuta hewa, na pampu nzuri itaonekana mbaya. Ukikunja mpira kwa vidole na ukaona nyufa, ubadilishe.

Nne, pima pampu yenyewe, injini ikiwa imepoa. Ondoa waya mwembamba wa koili ili plagi zisitoe cheche. Chomoa mpira unaoingia katika kabureta, uunganishe na mpira mrefu, na ncha yake uitie katika chupa ya kioo, mbali na betri na mbali na bomba la moshi. Mtu wa pili azungushe injini kwa stata kwa muda wa kama sekunde kumi. Pampu nzuri hutema petroli kwa nguvu na kwa mpigo ulio sawa, mpigo mmoja kwa kila mizunguko miwili ya injini. Ikidondosha tu, au ikitoa mapovu ya hewa hali mipira ni mizima, pampu imechoka.

Tano, chomoa kijiti cha oili, ukipanguse, ukitie tena, ukitoe na kukinusa. Jambo hili halikawii hata dakika moja, nalo ndilo lingaliokoa mtamba wa mwalimu.

Nataka kusema neno moja juu ya desturi mbaya. Mafundi wengi huvuta petroli kwa mdomo ili ifike haraka. Petroli ikiteleza ikaingia katika mapafu huweza kumwua mtu. Aliyeimeza asitapishwe, wala asipewe maziwa kama watu wanavyodhani, bali apelekwe hospitali mara moja. Tumia pampu ndogo ya mkono yenye mpira. Bei yake si kubwa.

Kununua pampu

Chukua pampu ya zamani uende nayo dukani, au uandike namba ya injini na mwaka wa motokaa. Ziweke pampu mbili mezani kando kando. Tazama urefu wa mkono wa chuma na jinsi ulivyopinda, nafasi ya matundu ya bolti, na upande unaoelekea midomo ya kuingiza na kutoa petroli. Zikitofautiana hata kidogo katika mkono, usikubali kuambiwa kwamba "itaingia tu." Huenda itaingia, kisha ikavunjika ndani ya injini.

Ukiwa pale pale dukani, ziba mdomo wa kuingiza kwa kidole na uusukume mkono wa pampu. Utasikia kidole kinavutwa. Kama hakivutwi, mrudishie mwenye duka mali yake. Pampu za zamani sana zilifungwa kwa skrubu pande zote, na hizo zaweza kufunguliwa na kuwekewa kiwambo na valvu mpya. Pampu za baadaye nyingi zimekunjwa kingo za chuma. Hizo hazifunguliwi, ni za kubadilishwa tu.

Nunua pia gasketi mpya, mipira mipya iliyofanywa kwa ajili ya petroli, na klipu zake. Mpira wa maji hauwezi petroli. Huvimba, hulainika, kisha hupasuka.

Kuifungua na kuifunga

Fanya kazi hii mahali penye hewa, mchana, injini ikiwa baridi. Sigara, jiko la makaa na taa ya mafuta viwe mbali. Ukihitaji mwanga tumia tochi. Weka karibu ndoo ya mchanga mkavu, au kizima moto kama unacho. Kamwe usimwagie maji petroli inayowaka, maana itaelea juu yake na kusambaa.

Toa waya wa betri. Safisha uchafu wote unaoizunguka pampu, usije ukaanguka ndani. Kisha tia alama katika mipira, ujue upi unatoka tangini na upi unakwenda kwenye kabureta. Ukichomoa ule wa tangini uzibe mara moja kwa bolti safi, kwa sababu tangi likijaa au motokaa ikiwa imeinama, petroli yaweza kutiririka yenyewe.

Legeza bolti au nati za pampu kidogo kidogo, huku na huku, usimalize moja kwanza. Ukiona springi ya ndani inaisukuma pampu nje kwa nguvu, zungusha injini polepole kwa spana katika nati ya mbele, mpaka ile sehemu iliyotokeza ya kamshafti iuache mkono. Kazi itakuwa nyepesi, na matundu hayataharibika.

Pampu ikitoka, ziba tundu la injini kwa kitambaa safi. Kwangua gasketi ya zamani kwa kisu butu mpaka chuma king'ae. Sasa angalia sana hapa: motokaa nyingi zina kipande kinene kati ya pampu na injini, kinachozuia joto lisifike kwenye petroli. Kipande hicho si takataka. Kirudishe, pamoja na gasketi zenye unene ule ule wa kwanza. Ukiviacha, mkono wa pampu utasukumwa kupita kiasi na huenda ukavunjika. Ukizidisha gasketi, mkono hautasukumwa vya kutosha, na petroli itakuwa haba.

Paka oili kidogo katika ncha ya mkono, ondoa kitambaa, ingiza pampu mpya kwa mwinamo ule ule iliotoka nao ile ya zamani, ili mkono ukae sawasawa juu ya kamshafti wala usiende nyuma yake. Anza bolti zote mbili kwa vidole. Kama pampu haikai bila kulazimishwa, usiivute kwa bolti. Itoe, uanze tena. Kisha kaza kwa zamu, kwa kadiri. Mwenye nguvu nyingi hupinda shingo ya pampu, na oili huvuja milele.

Rudisha mipira, kaza klipu, rudisha waya wa koili na wa betri. Injini haitawaka mara moja, kwa sababu bomba ni tupu. Izungushe kwa vipindi vifupi, uipumzishe stata katikati. Ikiwaka, tazama kila kiungo kwa dakika tano, injini ikinguruma. Zima, ngoja ipoe, tazama tena. Tone moja la petroli juu ya bomba la moshi lenye joto latosha kuteketeza motokaa nzima.

Usisahau oili

Hapa ndipo mwalimu alipokosea, na ndipo wengi wanapokosea. Kubadilisha pampu huzuia petroli mpya isiingie katika injini. Hakuiondoi ile iliyokwisha kuingia. Petroli huiyeyusha oili na kuifanya nyepesi, hata isiweze kutenganisha chuma na chuma. Safari fupi za kupeleka maziwa haziipashi injini moto wa kutosha kuitoa petroli hiyo kwa mvuke. Kwa hiyo, oili ikinuka petroli au ikipita alama, usiiwashe injini hata kuisogeza tu. Imwage yote, badilisha na chujio lake, tia oili mpya ya namna iliyoagizwa, ndipo uwashe. Baada ya siku chache kinuse kijiti tena. Oili chafu uiweke katika debe lenye kifuniko, usiimwage shambani wala mtoni, maana maji hayo ndiyo wanayokunywa ng'ombe wako na watoto wa wenzako.

Ukiwa na daftari la motokaa yako, andika tarehe ya kubadilisha pampu na idadi ya maili au kilomita. Siku utakapotaka kuiuza, daftari hilo litakuwa shahidi wako. Na siku mtu atakapokuambia njiani kwamba "hizo ni plagi," utaweza kumjibu kwa maneno uliyoyaandika mwenyewe.

Nimemwona mwalimu juzi, akiteremka na makopo yake kabla ya jua kuchomoza. Alisimama, akazima injini, akafungua boneti mbele yangu, akachomoa kijiti, akakinusa. "Sasa nafanya hivi kila Jumamosi," akasema, "na mwanangu nimemfundisha." Kisha akaenda zake, maana maziwa hayangoji.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutaeleza habari ya maji ya rejeta na sababu za injini kuchemka. Mpaka hapo, kwa herini, nanyi msafiri salama.